Klampu ya Fundi Baridi

Mama Maziwa hakubisha hodi. Aliweka ndoo kizingitini, akafunua kifuniko, kisha akasogea pembeni ili kila aliyemo ndani apate haki yake ya kunusa.

Kinyozi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha la kibanda chake kilichoegemea ukuta wa nyumba, alichungulia, akaona ni nani, akarudisha kichwa ndani kama kobe. Mkewe ndiye aliyetoka, mtoto ziwani, nywele bado hazijachanwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba nitaitoa baadaye. Nusa kwanza."

"Harufu imenifikia, Mama."

"Haijakufikia. Inama unuse kifundi."

Akainama. Maziwa yalikuwa yamekatika, maji yake huku, mabonge yake kule. Mtoto naye aligeuza shingo kutazama, akakunja uso, akarudi kwenye maziwa aliyoyaamini.

"Uliniambia mashine nzima," Mama Maziwa alisema. "Ulisimama pale kwenye tangi langu, ukabana waya na hicho kidude cha baba yako, ukasema, 'Mama, mashine yako inakula umeme wake wa kawaida, lala usingizi.' Nikalala. Mashine nayo ikalala."

"Imeungua?"

"Niliyeungua ni mimi. Yenyewe inajizima. Ikipoa inawaka, ikiwaka inaguna kama mtu anayejitwisha gunia, inajizima tena. Asubuhi hii fundi wa mjini amechungulia, akasema kompresa ni ya kutupa, nimpe kazi aweke nyingine."

Kompresa ndiyo moyo wa mashine yoyote ya baridi. Kumwambia muuza maziwa kwamba kompresa ni ya kutupa ni kumwambia afunge duka.

"Naomba nije nipime tena."

"Na nini? Na kidude kile kile?" Mama Maziwa alinyoosha shingo juu ya bega lake, akaita kuelekea ndani. "Mzee Baridi! Upo?"

"Nipo, Mama," sauti ilijibu kutoka chumba cha mbele. "Nasikia yote."

"Basi njoo wewe mwenyewe."

"Macho, Mama. Hata wewe sasa hivi nakuona kama ukungu umevaa gauni."

"Hata kama huoni! Mkono wako unaona kuliko macho ya watu wengine." Alilisema hilo akimtazama binti wa mzee usoni, bila ukali, na ndiyo maana liliuma zaidi. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Lakini wauza samaki wale wanaokuita, na yule wa duka la dawa, na wale wa nyumba ya wageni wenye hita na viyoyozi, nani aliwaambia wakuite? Ni mimi. Nilisema, huyu ni damu ya Baridi, mwiteni. Sasa nitawaambia nini? Nakupa mpaka kesho kutwa. Mpaka hapo nitahangaika na barafu ya kuazima. Kesho kutwa ikipita, namwita wa mjini, na wao nitawaambia ukweli."

Akageuka kuondoka. Hatua chache mbele akakumbuka.

"Ndoo mtanirudishia. Ikiwa safi."

Kinyozi alisubiri mpaka gauni lilipokata kona, ndipo akatoa kichwa. "Ameondoka?"

"Ameondoka, mume wangu shujaa."

"Nilikuwa nalinda nyumba kwa upande huu."

* * *

Klampu yenyewe ilikuwa mezani, juu ya kitambaa chake cha bluu. Asiyeijua angeidhani koleo lililovimba tumbo: juu taya mbili zinazofunguka ukibonyeza kwa kidole gumba, chini kioo, na ndani ya kioo mshale mwembamba kuliko unywele. Ukizungushia taya waya mmoja, mshale husogea na kukuambia ni ampea ngapi za umeme zinapita, bila kuukata waya wala kuugusa. Rangi ya mpini ilikuwa imeliwa pale ambapo kidole gumba cha mzee kilikaa maisha yake yote ya kazi. Kidole cha binti kilikuwa bado hakijalijaza shimo lile.

Mzee Baridi aliivuta karibu kwa kupapasa. "Ulibana waya mmoja, au zote mbili?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Ukibana zote mbili, umeme unaokwenda na unaorudi unauana, mshale haung'oki."

"Swali hilo anaulizwa mtu wa siku ya kwanza."

"Nilimwuliza hata marehemu mama yako, na yeye alikuwa ananishikia tochi tu."

Binti alicheka bila kupenda. Kisha akaacha kucheka. "Nilibana mmoja, Baba. Mshale ukagota kwenye sita. Kibandiko cha mashine kinasema sita na nusu. Wewe ungesema nini?"

"Ningesema nzima." Mzee aliipapasa klampu. "Mita haidanganyi." Lakini alilisema akiwa ameifunika klampu kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo asiseme mbele ya wageni.

Binti hakuliona hilo. Alikuwa ameshatoka nje kusugua ndoo, na huko kwenye karo, povu likimpanda mikononi, alikuwa anaiona klampu ile nyingine, ya utotoni, ambayo ilikuwa ni hii hii. Baba alikuwa akirudi na mkoba wake begani, akinuka gesi na vumbi la mapaa, na kabla hajavua viatu anamwita, "Njoo hapa, nikupime kama una umeme." Anakibana kidole chake kidogo kati ya taya. Mshale unakaa tuli. Baba anatikisa kichwa kwa uzito wa daktari: "Hana hitilafu. Apewe chai." Na usiku ambao alikuwa na homa, baba alibana kidole akatazama kioo muda mrefu sana, kana kwamba safari hii mshale ungesogea kweli na kumwambia la kufanya.

Alimkumbuka pia kazini, siku za likizo ya shule, alipokuwa akiruhusiwa kubeba bisibisi. Wengine walikuwa wakisimamisha mita mbele ya macho kama kioo cha kujitazamia. Baba hakuwa hivyo. Yeye aliilaza chali kiganjani, taya zikiwa zimeuma waya, akaiinamia kwa heshima kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa. Mafundi wadogo waliuita mtindo wa Baridi. Wapo walioiga hata kwa mita zao mpya, wakidhani humo ndimo uhodari ulimojificha.

Yeye pia alikuwa akiiga. Ni katika masomo ya jioni ndipo alipoacha. Alikwenda na mimba kubwa, akakaa benchi la nyuma kwa sababu la mbele lilimbana tumbo, na siku ya kwanza ya kupima alilaza mita kiganjani. Mwenzake mmoja akauliza kwa sauti, "Dada, unaomba nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema kwa upole kwamba mita husimamishwa, jicho likiwa mbele ya mshale. Tangu jioni ile akaisimamisha, na hakumwambia baba yake, asije akadhani anamdharau.

Ndoo ilikuwa imeshatakata. Aliendelea kuisugua.

* * *

"Tununue mpya," kinyozi alisema mchana, akifagia nywele za mteja wa mwisho. "Umeisema mwenyewe mara ngapi? Mashine za siku hizi zinataka mita za siku hizi."

"Kwa kipi?"

Wote wawili walitazama kona ya chumba, kati ya kabati na dirisha, ambayo ilikuwa tupu na safi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Soketi ilikuwa tayari ukutani. Hapo ndipo pangekaa friji. Mfinyanzi hulia gaeni: nyumba ya mafundi baridi, baba na mwana, haikuwa na friji, na maji ya kunywa yalipozwa kwa kulazwa dirishani na kuombewa upepo. Tangu mtoto azaliwe, binti alikuwa amejipangia. Friji ikija, atakamua maziwa yake asubuhi, atayaweka, na atapanda paa lolote bila kukimbia nyumbani kifua kikivuja. Akiba ilikuwa imekaribia kutosha friji ndogo, ya mkono wa pili.

"Friji itasubiri," kinyozi alisema. "Yenyewe haijui kama inasubiriwa."

"Meneja je?" Meneja ndiye mtoto. Walimwita hivyo kwa sababu nyumba nzima ilifuata ratiba yake na yeye hakuwahi kuwashukuru.

"Meneja ataletwa kazini, nitambeba mwenyewe. Mama Meneja, wateja wakiondoka, hiyo friji tutaweka nini ndani? Barua za kuwabembeleza warudi?"

"Usiniletee akili zako."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi za watu nazifagia kila jioni, kwa hiyo ninazo za ziada."

Kutoka chumba cha mbele mzee alikohoa. Alikuwa amekwisha vaa viatu. "Kama mnakwenda dukani," alisema, "nami naja. Na klampu yangu naibeba."

* * *

Duka la vifaa lilikuwa refu na jembamba. Drili zilining'inia ukutani, makoili ya waya yamerundikwa hadi darini, na mwisho kabisa birika la umeme lilikaa juu ya kaunta karibu na vikombe. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Alimpita binti kwa macho, akampita mzee, akatua kwa kinyozi, ambaye alikuwa amempakata Meneja.

"Karibu, mkubwa. Tukusaidie nini?"

"Mimi nisaidie kiti. Mnunuzi ni huyu."

"Natafuta klampu," binti alisema. "Ya kazi za viyoyozi, majokofu na hita."

"Sawa kabisa." Muuzaji alimgeukia tena kinyozi. "Kuna hii, mkubwa, nyepesi, bei ya kirafiki. Ina tochi."

"Tochi ninayo," binti alisema. "Inapima kapasita?"

Kalamu ilishuka sikioni. "Hiyo... hapana. Ila ina king'ora."

"King'ora ninacho pia," alisema, akimwonyesha mtoto, ambaye alikuwa anaanza kulalamika. "Nataka inayopima kapasita, vile vikopo vya kuamshia mashine. Nataka yenye waya wa kupimia joto la mabomba. Nataka ishike ule umeme wa mashine inapoamka, maana unapita upesi kuliko jicho. Na isinidanganye kwenye viyoyozi vile vinavyobadilisha mwendo vyenyewe. Kisha uniambie inavumilia nguvu kiasi gani, kwa sababu wakati mwingine nabana kwenye boksi kuu la nyumba, na mimi nina mtoto."

Kwa mara ya kwanza muuzaji alimtazama yeye. Alipanda ngazi, akashuka na boksi lenye vumbi.

Ilikuwa nzito, ya rangi mbili, na taya zake zilifunguka bila kelele. Binti aliishika kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia akaukamata ukingo wa rafu kama vile yuko juu ya ngazi, akafumba macho. Gumba lilifika. Taya zikafunguka, zikafunga. Akarudia. Ile ya tochi nayo akaijaribu hivyo hivyo, na gumba lake likaishia hewani. Ilikuwa imetengenezwa kwa mkono wa mtu mwingine.

"Hamna ya mshale?" mzee aliuliza.

"Mzee wangu, siku hizi mshale uko kwenye saa ya ukutani tu."

"Na saa ya ukutani inasema kweli," mzee alijibu. "Ipe umeme tupime. Mke hachaguliwi kwa picha."

Binti alitoa mkobani kipande chake cha waya wa kuunganishia. Ganda lake la nje lilikuwa limepasuliwa katikati kwa uangalifu ili waya mmoja utoke peke yake, tayari kubanwa. Akaunganisha birika, muuzaji akalijaza maji. Mita ya tochi ilisema tisa. Ile kubwa ikasema tisa na nukta moja.

"Si unaona, mkubwa?" Muuzaji alikuwa amemrudia kinyozi. "Sawa sawa. Za nini gharama?"

"Birika halina siri," binti alisema. "Linakula vile vile tangu mwanzo mpaka maji yachemke. Hata mita mbovu italijua. Mashine za baridi zina mambo yao."

"Pima na hii pia," mzee alisema, akiifungua klampu yake kutoka kwenye kitambaa cha bluu. "Nataka nisikie."

Hakumpa binti. Aliusaka waya kwa vidole, gumba likaingia kwenye shimo lake, taya zikauma, akailaza klampu chali kiganjani na kumnyooshea. "Soma, mama."

"Tisa, Baba. Tisa kamili."

"Eh!" muuzaji alisema. "Mzee ana mzinga wa kale, lakini unalenga."

Mzee alitabasamu mpaka meno ya nyuma. Binti aliipokea klampu ili ampumzishe mkono na, kama alivyofundishwa, akaisimamisha mbele ya macho.

Mshale ulishuka. Haukushuka polepole. Ulidondoka hadi saba na kukwama pale, ukitetemeka kidogo kama mtu aliyeshikwa uongo. Birika bado lilikuwa linanguruma. Akailaza, mshale ukapanda tisa. Akaisimamisha, saba. Aliiona sita ya Mama Maziwa. Ilikuwa sita ya kusimama.

"Vipi?" muuzaji aliuliza. "Ya mzee inasemaje?"

Mzee alikuwa ameelekeza sikio upande wake. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limesahauliwa tu usoni.

"Tisa," binti alisema. "Zinalingana."

Birika likajizima.

"Hii kubwa," akamwambia muuzaji. "Na bei uniambie mimi."

* * *

Nje ya duka kulikuwa na benchi. Kinyozi alitazama mara moja nyuso zile mbili, akasema Meneja anataka kuona pikipiki, akaenda naye mbali.

"Umeona," mzee alisema.

"Nimeona."

"Ilianguka."

"Lini?"

Alizungusha kitambaa cha bluu vidoleni. "Nilikuwa juu ya paa la kiwanda cha barafu. Jirani yetu mmoja akaja mbio barabarani, anapunga mtandio. 'Baridi! Msichana! Wote wazima!' Nami nikapunga." Alinyanyua mkono kuonyesha, mkono mkavu wenye makovu, akaupunga juu ya barabara ambayo hakuiona. "Nikapunga kwa mkono uliokuwa na klampu."

Binti alitaka kukasirika, na alikasirika. Lakini hasira ilimpanda ikiwa imechanganyika na mtu yule juu ya paa, kijana kuliko alivyo yeye sasa, mkono hewani.

"Kioo hakikupasuka," mzee aliendelea. "Nikasema imepona. Baadaye ndiyo nikagundua, ikilala inasema kweli, ikisimama inagoma. Kununua nyingine, kulikuwa na wewe, na mama yako alikuwa hajapata nguvu. Ningemwambia mteja mita yangu kilema, nani angeniita? Nikailaza. Watu wakadhani ni mtindo, nikawaacha wadhani."

"Mimi je, Baba? Mimi ni mteja?"

Kitambaa kiliacha kuzunguka vidoleni mwa mzee.

"Hapana," alisema mwishowe. "Wewe sikukuficha, mwanangu. Wewe nilisahau, hadi leo asubuhi ndoo iliponikumbusha. Nimeilaza miaka mingi mpaka nikasahau kuwa ni ubovu. Nikadhani ndivyo inavyoshikwa. Macho yalipoanza kwenda nikakukabidhi mita. Mkono nikabaki nao."

Kichwani binti alikuwa ameshaanza kuzunguka: nyumba ya wageni, duka la dawa, kila alikosimamisha mita na kusema "nzima". Kazi zile nyingi zilikuwa za kusafisha na kuongeza gesi, lakini si zote. Atazirudia. Kote atabisha hodi.

"Kesho nitamwambia Mama Maziwa nilisoma vibaya," alisema. "Ndiyo kweli. Nilisoma vibaya. Jina lako liache."

Mzee alikunja kitambaa mara mbili, tatu, mpaka kikawa kidogo kabisa.

* * *

Mama Maziwa aliwapokea kwenye chumba cha tangi akiwa amefunga mikono kifuani. Vipande vya mwisho vya barafu ya kuazima vilikuwa vinayeyuka kwenye beseni. Binti alimkabidhi ndoo. Akaipindua, akaikagua ndani kwa kidole, akaiweka chini bila neno.

"Mzee umekuja. Afadhali."

"Nimekuja kusikiliza," mzee alisema. "Nipe kiti karibu na mashine."

Binti alifungua kifuniko cha pembeni na kuwasha. Kompresa ikaguna. Aliubana waya wake mmoja kwa klampu mpya. Nane na nukta sita, mahali pa sita na nusu. Mzee, mkono juu ya bomba, alisema, "Inajitwisha gunia kweli."

Alizima, akachomoa umeme. Ndani kulikuwa na kikopo cha bati chenye ukubwa wa kiganja. Hicho ndicho kapasita, kitu kidogo kinachoisukuma mashine ianze na kuisaidia isichoke. Alikimaliza umeme uliobaki ndani, kama mtu anavyomtoa nyuki mwiba, kisha akakipima. Ubavuni kilikuwa kimeandikwa thelathini na tano. Mita ikasema ishirini na moja. Juu kikopo kilikuwa kimeumuka kidogo, uvimbe wa kuuona ukishajua unachotafuta.

"Kompresa yako si ya kutupa, Mama," alisema. "Imekuwa ikibeba mzigo wake na wa huyu mgonjwa. Ikipata joto inajizima isife."

Alikuwa amebeba kapasita mpya mkobani kwa kubahatisha. Akaifunga, akaunganisha, akawasha. Mashine iliamka bila kuguna. Namba zilishuka, zikasimama kwenye sita na nukta nne, na chumba kikajaa mvumo mmoja, mnyoofu, ambao watu wa nyumba ile walikuwa wameusahau.

Mama Maziwa aliusikiliza kwanza. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni. "Hukuliona hili siku ile?"

"Sikuliona, Mama. Nilisoma mita vibaya. Kosa ni..."

"Mita ilikuwa mbovu," mzee alisema.

"Baba."

"Niache. Mama, klampu yangu niliiangusha huyu alipozaliwa. Tangu hapo inasema kweli ikilala tu. Nimekupimia nayo hivyo miaka yote. Yeye sikumwambia. Aliisoma kama inavyosomwa mita ya mtu mkweli. Ukiwaambia wauza samaki, waambie hivyo."

Kinyozi, mlangoni na mtoto, aliacha hata kumbembeleza. Mama Maziwa alimtazama mzee, fundi ambaye kwa jina lake alikuwa ameapa mbele ya soko zima.

"Miaka yote nimepimiwa na kilema?"

"Miaka yote."

"Na ulikuwa unaiinamia vile, mimi nadhani unasoma dua!"

"Nyingine zilikuwa dua, Mama."

Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika ukingo wa tangi. Mzee naye alicheka, akijifuta macho yasiyoona kwa kitambaa cha bluu, na alipomaliza akamwita kinyozi amletee mjukuu. Alimpakata, akapapasa mkobani, akatoa klampu ya zamani, akakibana kidole kidogo kati ya taya. "Nisomeeni."

"Umetulia, Baba," kinyozi alisema.

"Hana hitilafu. Apewe..."

"Maziwa," alisema Mama Maziwa, akiwa tayari anaisuuza ile ndoo. "Yakipoa mnapeleka nyumbani."

"Hatuna pa kuyaweka," binti alisema. "Friji ndiyo hii hapa," akainua klampu mpya, na wote wakaelewa.

Mama Maziwa alifikiri kidogo. "Basi utakamua, utayaleta hapa asubuhi, yatakaa na yangu. Nitafunga uzi mwekundu yasije yakauzwa."

Binti aligeuka upesi kuelekea mashine, kwa sababu uso wake ulikuwa haumtii. Akabonyeza gumba, akaubana waya kwa mara ya mwisho, ahakikishe. Namba zilikuwa kubwa, zenye mwanga, za kusomeka hata ukiwa umesimama mlangoni.

"Mbona umeilaza?" Mama Maziwa aliuliza nyuma yake. "Hiyo si mpya?"

Alitazama chini. Klampu ilikuwa chali kiganjani mwake, na yeye ameiinamia. Kwenye kiti chake mzee alikuwa ameelekeza sikio huko.

"Ndivyo inavyoshikwa, Mama," alisema.

Mama Maziwa alimtazama, akamtazama mzee, akamtazama tena yeye.

"Marahaba," alijibu shikamoo ya jana.